Mwiko Kwenye Tundu la Barua

Bibi yule alifungua mkoba wake wa kitambaa akatoa mwiko. Mwiko hasa, wa mbao, bapa, ncha imelika upande mmoja kama ulioshinda jikoni miaka na miaka. Akakunja kipeperushi mara mbili, akakilaza juu ya ubapa wake, akakisukuma kwenye tundu la barua la mlango wa kijani. Kabla hajauchomoa, mbwa alibweka upande wa pili na meno yakasikika yakigonga mbao. Akangoja kidogo, akauvuta taratibu, akaufuta kwa leso na kwenda nyumba ya pili.

Ilikuwa Juni 2024, wiki mbili na ushei kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, katika mji wa Henley-on-Thames. Bibi huyo, mwalimu mstaafu, ni mmoja wa watu wa kujitolea wa chama cha Liberal Democrats ambao kampeni yao yote hufanyika kwa miguu. Tundu la barua la Kiingereza lina brashi ngumu ya kuzuia baridi, kifuniko chenye springi kinachobana vidole, na nyuma yake, mara nyingi, mbwa. Alinionyesha kovu kwenye kidole chake cha shahada. Alilipata kwa kung'atwa na mbwa katika uchaguzi wa 1997, na tangu hapo hatoki bila mwiko.

Nilimweleza kwamba kwa Kiswahili neno hilo lina maana mbili: chombo cha kusongea ugali, na jambo lililokatazwa. Alisimama katikati ya njia akalirudia mara mbili, kisha akanihesabia miiko ya kazi yao. Usiingie ndani hata ukikaribishwa. Usikatize juu ya majani ya bustani. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Usibishane. Na usiache karatasi imening'inia nje, maana mwizi akiiona atajua mwenye nyumba hayupo.

Hodi haipo. Wanabonyeza kengele, wanarudi nyuma hatua mbili, wanasimama mikono ikionekana. Kwa mtu aliyezoea kupaza sauti uani na kujibiwa "karibu" hata kabla hajaonekana, ukimya ule wa kungoja ni mzito. Mtaa mzima hakuna aliyekaa nje. Baraza hakuna. Mlango ndio baraza lao, na hudumu dakika tatu.

Lakini dakika tatu hizo zina mambo. Mzee mmoja alitoka amekunja mikono ya shati, akasema binti yake hupiga makasia mtoni na mara mbili ameugua tumbo. Mto Thames unapita kando ya Henley, na mji huo unajulikana duniani kwa mashindano ya makasia ya kila mwanzo wa Julai. Maji machafu kutoka kwenye mitambo ya majitaka yamekuwa yakimwagwa kwenye mito ya Uingereza kiasi kwamba jambo hilo limegeuka hoja ya kitaifa. Mwalimu hakumhubiria. Alimuuliza binti anafanyia mazoezi upande gani, akaandika kwenye simu. Kisha akamuuliza waziwazi: mwaka huu unafikiria kumpigia nani?

Nilishtuka. Kwetu swali hilo likiulizwa mlangoni na mtu mwenye beji ya chama, anayejibu hupima kwanza nani anasikiliza. Mzee yule alijibu bila kupunguza sauti. Maisha yake yote amewapigia Conservative, baba yake vilevile, na sasa hajui. Mwalimu akashukuru na kuondoka. Hakuna aliyeahidi chochote.

Henley ilikuwa ngome ya Conservative. Michael Heseltine aliiwakilisha tangu 1974 hadi 2001, na Boris Johnson akaipokea kutoka kwake. Mara ya mwisho Liberal, chama walichotokana nacho Liberal Democrats, kushinda hapo ilikuwa 1906. Chama hicho ndicho kilichokuwa kikitoa mawaziri wakuu karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kisha Labour ikakisukuma pembeni. Uchaguzi wa Juni 1970 kiliambulia wabunge 6 tu. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wao wa Eastbourne, vijana wa chama walisukuma azimio la kuanzia mtaani: kushughulika na watu walipo mwaka mzima, si msimu wa kura peke yake. Liverpool ilikuwa imekwisha kuonyesha njia. Diwani Trevor Jones na wenzake walikuwa wakisambaza karatasi iliyoitwa Focus, ukurasa mmoja uliosema kwa maneno mepesi taa gani imezimika, njia gani ina mashimo, takataka za mtaa gani hazijazolewa, na nani amekwenda kudai zishughulikiwe. Mwaka 1973 Liberal walikuwa chama kikubwa kuliko vyote kwenye baraza la jiji lile. Karatasi ya jina lile bado inapita kwenye matundu ya barua hadi leo, na ndiyo iliyokuwa juu ya mwiko.

Msomaji wa Tanzania anajua kitu kinachofanana na hicho. Tangu enzi za TANU, balozi wa nyumba kumi alijua nani mgonjwa, nani ana mgeni, nani hajaonekana siku mbili. Tofauti ni kwamba balozi alikuwa sikio la chama kilichokwisha kushika dola, na hawa ni chama cha tatu kinachobisha mlango kwa sababu hakina njia nyingine. Kisichokuwa na magazeti makubwa nyuma yake, wala matajiri wengi, kimejifunza kuwa na miguu. Naona hilo ni jambo kubwa, na safari nzima sikuacha kulifikiria.

Kampeni zetu huja na sauti. Niliyelelewa Tanga siwezi kusahau uwanja wa Tangamano siku ya mkutano: ngoma tangu mchana, maspika yanayotikisa kifua, akina mama na vitenge vya sare, wasanii wanatangulia, na mgombea anaingia jua likielekea kuzama. Mtu huondoka pale amecheza, amekutana na nduguze, amejiona sehemu ya wengi. Henley hakuna hata wimbo mmoja. Kuna mbao za rangi ya chungwa, umbo la almasi, zilizosimikwa bustanini kwa vijiti, basi. Bibi anayeishi peke yake anaweza kupitisha kampeni nzima bila kusikia sauti ya umati. Lakini huyohuyo ataulizwa mlangoni kwake, uso kwa uso, nini kinamsumbua. Tangamano haikuwahi kuniuliza.

Mchana tulikula katika ofisi yao ya kampeni, yaani sebule ya nyumba ya mtu. Keki ya limau, sandwichi za matango, chai ya maziwa katika vikombe visivyofanana. Ramani ya mitaa imebandikwa juu ya piano. Nilipoomba tumbebee kipande cha keki mzee wa mtoni, chumba kilinyamaza, na kijana mmoja akanieleza kwa upole kwamba hapana: kumlisha mpigakura ili kumvuta ni kosa la jinai. Sheria iliyotia meno katika jambo hilo ni ya 1883, ilipitishwa chini ya serikali ya Liberal ya William Gladstone, nayo iliweka pia kikomo cha fedha ambazo mgombea anaweza kutumia jimboni. Kabla ya hapo uchaguzi wa Kiingereza ulikuwa sherehe ya bia ya bure.

Nilikumbuka takrima. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu ukarimu wa kimila wakati wa kampeni, na miaka sita ikapita kabla Mahakama Kuu haijaifuta mwaka 2006 kwa kuwa ilikuwa kinyume cha Katiba. Ukarimu ni kitu kizuri mno kuachwa kigeuzwe bei ya mtu. Waingereza walilijua hilo kwa uchungu, sisi vilevile.

Kutoka kusini nilikwenda Pontefract, mji wa Yorkshire ambao watalii wachache huukusudia. Ndani ya jumba lake la makumbusho kuna sanduku la mbao lisilo na uzuri wowote. Kabla yake, Mwingereza alipiga kura kwa kutaja jina la mgombea kwa sauti, mbele ya karani, mbele ya mwenye shamba aliyemkodisha ardhi, mbele ya tajiri aliyemwajiri. Aliyetaja jina baya aliweza kurudi nyumbani na kukuta hana nyumba. Sheria ya kura ya siri ilipitishwa mwaka 1872, tena chini ya Gladstone, na uchaguzi mdogo wa kwanza kuitumia ukafanyika hapa Pontefract tarehe 15 Agosti mwaka huo. Hugh Childers wa Liberal alishinda.

Sanduku bado lina lakiri yake ya nta, na alama iliyogandamizwa kwenye nta ni ya kiwanda cha peremende! Pontefract ni mji wa likorisi, mmea wenye mizizi mitamu, na mhuri uliopatikana karibu siku ile ulikuwa ule wa kupigia chapa peremende nyeusi za duara ambazo mji unazitengeneza hadi leo. Nilinunua pakiti. Zina utamu unaokaa nyuma ya ulimi, na mwishoni ladha ya dawa ya kikohozi. Nilitafuna nikilitazama sanduku kwa muda mrefu. Ndani yake ndimo mkulima alimoweza kwa mara ya kwanza kusema hapana bila kuonekana. Na nikaelewa kwa nini mzee wa Henley alinijibu vile bila woga. Anayejua kwamba siku ya siku hakuna atakayemwona, anaweza kusema leo lolote analotaka, hata kudanganya.

Manchester nilipita kwa siku moja. Jengo la Free Trade Hall limebaki uso wake tu, nyuma yake ni hoteli. Liberal walishinda uchaguzi wa 1906 kwa kishindo kwa hoja ya mkate: walitembeza mkate mkubwa na mkate mdogo, kuonyesha kwamba ushuru wa forodha wa wapinzani wao ungepunguza kinachowekwa mezani. Hoja hiyo ilieleweka na asiyejua kusoma. Miongoni mwa walioshinda mjini hapa kwa tiketi ya Liberal alikuwa kijana Winston Churchill, ambaye mwaka uliofuata, akiwa naibu waziri wa makoloni, alishuka Mombasa na kupanda treni kuelekea Uganda. Uganda ile ilikuwa imetangazwa kuwa himaya mwaka 1894 na serikali ya Liberal ya Lord Rosebery. Waganda hawakuulizwa mlangoni.

Wala wanawake wa Kiingereza hawakuulizwa. Tarehe 13 Oktoba 1905, ndani ya ukumbi huu, Christabel Pankhurst na Annie Kenney, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, waliinuka kwenye mkutano wa Liberal na kumuuliza mwanasiasa wao Edward Grey kama serikali yao itawapa wanawake kura. Hawakujibiwa. Walitolewa nje kwa nguvu, wakakamatwa, wakakataa kulipa faini, wakaenda jela. Baadhi ya wanawake walipata kura mwaka 1918, wote kwa usawa na wanaume mwaka 1928. Chama kinachojivunia siri ya sanduku kilichukua miaka mingi sana kukubali nani aruhusiwe kulikaribia, na mtu anayekipenda leo hana budi kuyabeba yote mawili.

Ukifika kwenye Ziwa Windermere, ukiwa umezaliwa chini ya milima ya Usambara, unajisikia umefika kwa jamaa. Ukungu uleule wa Lushoto, kijani kilekile, mvua ya rasharasha isiyotangaza inapoanza. Kuna kondoo badala ya mbuzi, na kuta za mawe yasiyounganishwa kwa saruji zinapanda mlima hadi zinapotelea mawinguni. Ziwa ni refu na jembamba. Hapo mwisho wa Mei, Ed Davey, kiongozi wa Liberal Democrats, alisimama juu ya ubao wa kuelea mbele ya kamera na kuanguka majini mara kadhaa. Alikuja kusema kuhusu majitaka yanayoingia ziwani. Siku zilizofuata alionekana kwenye bembea za bustani ya michezo, kwenye mteremko wa maji, na tarehe 1 Julai, Eastbourne, akaruka kutoka juu amefungwa kamba.

Wapo waliomuona mtu mzima anayejidhalilisha. Mwenye duka la chai kando ya ziwa aliona vingine. Alisema miaka minne amekuwa akiandika barua kuhusu maji na hakuna gazeti lililofika, ila siku ile magari ya televisheni yalijaa hadi barabarani. Alikuwa amenikatia kipande cha keki ya tangawizi, ngumu nje na laini ndani, nikamwambia kwamba kwetu kiongozi hushuka kwa helikopta ili watu wamtazame juu. Alifikiri kidogo akasema, "Huyu wetu alikuja ili tutazame maji."

Kuna jambo jingine walilolizungumza zaidi wanawake pale dukani kuliko kuanguka kote kule. Ni filamu fupi ya chama iliyomwonyesha Davey nyumbani, akimhudumia mwanawe mwenye ulemavu. Davey mwenyewe alifiwa na baba akiwa na miaka minne, akamuuguza mama yake hadi alipofariki, yeye akiwa na miaka 15. Mmoja wa wale wanawake anamtunza mumewe aliyepooza. Alisema hajawahi kumuona mwanasiasa akimvalisha mtu soksi.

Hesabu ndiyo moyo wa siasa za chama hiki, na sikuielewa sawasawa mpaka nilipofika Reading, nyumbani kwa Bi mkubwa mmoja wa Unguja aliyenipa chumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu, uje jikoni, huko sebuleni baridi."

Ameishi Uingereza zaidi ya miaka 30, kazi yake kuhudumia wazee majumbani. Alikuwa akikoroga urojo, ukwaju umekwisha kuchujwa, bajia ziko kwenye karatasi. Nilimsimulia kwamba mwaka 1983 Liberal, wakishirikiana na chama kipya cha Social Democrats, walipata kura 25 katika kila 100 na kuambulia viti 23, wakati Labour iliyowazidi kwa pointi mbili tu ilipata 209. Kura zao zilitapakaa nchi nzima kama mvua ya rasharasha, na mfumo wa Kiingereza humpa kiti anayeongoza katika jimbo, hata kwa kura moja.

Hakushangaa hata kidogo. "Hesabu hiyo naijua tangu mtoto," alisema. Julai 1963 Zanzibar ilipiga kura kwa mfumo huohuo ulioletwa na Waingereza. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kiasi cha asilimia 54, na viti 13. ZNP na ZPPP kwa pamoja wakapata viti 18 na serikali. Yaliyofuata Januari 1964 kila msomaji anayajua. "Kila nyumba ya Unguja ina hesabu yake ya mwaka ule," alisema Bi mkubwa, akaonja urojo, akaongeza chumvi. Hakusema nyumba yao ilikuwa upande gani, nami sikuuliza.

Liberal Democrats walijaribu kuubadilisha mfumo. Mwaka 2010, baada ya mdahalo wa kwanza wa televisheni, kiongozi wao Nick Clegg alipaa kwenye tafiti za maoni mpaka wengine wakaamini zama mpya zimefika. Siku ya kura wakatoka na viti 57, pungufu ya 62 walivyopata 2005. Waliingia serikalini na Conservative, wakapata kura ya maoni ya kubadili namna ya kupiga kura, na tarehe 5 Mei 2011 wapigakura karibu 68 katika kila 100 wakakataa. Lililowaumiza zaidi ni karo. Wabunge wao walikuwa wameweka saini mbele ya wanafunzi kwamba watapinga kupandishwa kwa karo za vyuo vikuu, na Desemba 2010 serikali waliyokuwamo ikapandisha kikomo hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Mwaka 2015 walibaki wabunge 8. Usiku ule mkongwe wao Paddy Ashdown alipoonyeshwa makadirio ya viti 10 alisema yakiwa kweli atakula kofia yake, na kesho yake aliletewa kwenye televisheni keki yenye umbo la kofia. Kijana mmoja sebuleni Henley bado hakuweza kuzungumzia karo bila kuinamisha kichwa. Alikuwa mwanafunzi mwaka karo zilipopandishwa.

Basi wakarudi kwenye miguu. Waliacha kutafuta kura kila mahali wakachagua majimbo ya kushindania, mengi ya Conservative kusini, yenye watu wanaofanana na mzee wa mtoni. Dalili ilikuwa Chesham na Amersham, Juni 2021: jimbo ambalo Conservative walilishika tangu lilipoundwa 1974 lilikwenda kwa Sarah Green wa Liberal Democrats kwa tofauti ya kura 8,028. Desemba ileile North Shropshire ikafuata. Kila ushindi walioutangaza ulichapwa kwenye Focus kwa mchoro wa nguzo mbili ndefu na moja fupi, kumwambia mpigakura wa Labour kwamba hapa chama chake hakiwezi kushinda, asaidie. Michoro hiyo wapinzani huilalamikia, na ipo iliyovuta nguzo kuliko takwimu zinavyoruhusu. Kwa chama kinachotaka kuaminiwa mlangoni, hilo ni doa ambalo lingeepukika.

Alhamisi tarehe 4 Julai Bi mkubwa alijifunga mtandio, akavaa koti, akatoa kutoka kwenye kabati bahasha ya plastiki. Ndani mlikuwa na pasipoti yake ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kupiga kura hata katika uchaguzi wa Bunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, wote wamo. Tangu 2023 mpigakura lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Madola inakubaliwa. Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa. Nje hakuna askari. Kuna mbwa wawili wamefungwa kwenye uzio wakiwangoja wenyewe, na mawakala wa vyama wamekaa kwenye viti vya kukunja, beji kifuani, wakiomba namba ya kadi ya kila anayetoka ili jioni wajue mfuasi yupi bado hajaja, wamfuate. Nilibaki mlangoni. Niliona karani akipokea kitabu kile chenye nembo ya Uhuru na Umoja, akaangalia picha, akaangalia uso, akamkabidhi karatasi. Bi mkubwa akaenda kwenye kijumba cha mbao chenye penseli iliyofungwa kwa kamba. Dakika moja. Akatoka akitazama kidole chake kidogo, kisafi, bila wino.

Njiani kurudi alinyamaza hadi kwenye kona ya duka la nyama. Kisha akasema kwamba Uingereza amekwisha kupiga kura mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na nyumbani hajapiga tangu aondoke, kwa sababu Mtanzania aliye nje hana kituo. Wakenya wenzake kazini walimpigia kura rais wao mwaka 2022 wakiwa hukuhuku London. "Mimi pasipoti yangu inanipa kura kwao, hainipi kwetu," alisema. Sikuwa na la kumjibu, na sina hadi sasa. Nchi inayopokea fedha za watu hawa kila mwezi inaweza kuwatafutia sanduku.

Saa nne usiku vituo vilifungwa, na palepale televisheni ikatoa makadirio yanayotokana na wapigakura waliokubali kurudia kura yao kwenye karatasi ya pembeni walipokuwa wakitoka vituoni. Labour inashinda kwa mbali. Liberal Democrats, viti 61. Tulikuwa na bakuli za urojo magotini. Masanduku yalikuwa barabarani, kwa maana kura hazihesabiwi kituoni kama kwetu, hupelekwa kwenye ukumbi mmoja wa jimbo na kumwagwa juu ya meza ndefu. Nilipendelea desturi yetu ya kubandika matokeo ukutani palepale watu walipopigia. Bi mkubwa alisema mazoea tu. Nilimuuliza alimpigia nani.

"Mwanangu," alisema, "ulikwenda mpaka Pontefract ukaniletea peremende, halafu unaniuliza hilo?"

Alfajiri Henley iliondoka mikononi mwa Conservative baada ya zaidi ya karne. Matokeo ya mwisho ya nchi yalitoka Jumamosi tarehe 6 kutoka jimbo la Inverness, nyanda za juu za Scotland, na kiti hicho kiliwafikisha Liberal Democrats 72. Mwaka 2019 walipata asilimia 11.6 ya kura na viti 11. Safari hii asilimia 12.2 na viti 72. Chama cha Reform kiliwazidi kwa kura, asilimia 14.3, kikapata viti 5. Sasa mfumo uliowaonea miaka yote umewabeba, na bado wanasema ubadilishwe. Nitawaamini zaidi siku wakiupigania wakiwa na nguvu ya kuuacha ulivyo.

Jumamosi hiyohiyo nilirudi Henley kuaga. Mashindano ya makasia yalikuwa yamejaza mji, wanaume wenye makoti ya mistari, wanawake wenye kofia pana. Mwalimu hakuwa mtoni. Nilimkuta mtaani kulekule na mkoba wake, akisambaza karatasi ya shukrani, maana nyumba zote zilizoombwa lazima zishukuriwe, hata zilizokataa. Alikuwa amefika mlango wa kijani. Mara tatu alikwisha kuubisha wakati wa kampeni na hakuna aliyewahi kumjibu isipokuwa yule mbwa.

Alikuwa bado anakunja karatasi mlango ulipofunguliwa. Mwanamume wa makamo, miguu mitupu, amemshika mbwa kwa ukosi.

"Ule mtaro mliouandika kwenye Focus," alisema, "lini?"

Mwalimu akaurudisha mwiko mkobani, akatoa simu, akamuuliza maji yanatuama upande gani wa nyumba.